Chura wa vipele na chura laini: mwongozo kamili wa kuwatofautisha usiku wa mvua

Vuli ikianza, taa ya nje ya nyumba yoyote ya Muheza, Morogoro au Kisumu hupata wageni wa aina mbili. Mmoja ametulia sakafuni kama jiwe, mpana, rangi ya udongo, mgongo umejaa vinundu. Mwingine kajibandika ukutani karibu na dirisha, mwembamba, laini, anang'aa utadhani kapakwa mafuta. Muulize yeyote aliyekaa barazani, atakwambia wote ni vyura. Kiingereza kimewagawia majina mawili, toad yule wa sakafuni na frog yule wa ukutani, ndiyo maana mwanafunzi akikutana nayo kitabuni hurudi nyumbani na swali: sasa toad kwa Kiswahili ni nani?

Ni chura. Kiswahili hakijapungukiwa kitu hapo. Wageni hao wote wawili wamo katika oda moja, Anura, jina lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha wasio na mkia, na oda hiyo ina spishi zaidi ya 7,000 duniani. Wale wa vinundu ni familia moja tu ndani yake, Bufonidae, yenye spishi zaidi ya 600. Kwa hiyo kila toad ni chura kama kila njiwa alivyo ndege. Ukishalijua hilo, kazi inayobaki ni ndogo: kutazama na kusema huyu ni wa familia ile, au ni wa familia nyingine. Humu nitamwita wa Bufonidae chura wa vipele, na wengine wote vyura laini. Ni majina ya kurahisisha maelezo, maana wapo wa vipele wasio na vipele, na nitafika kwao.

Kuna sababu ya kutaka watu walijue jambo hili. Nimeona mara nyingi mno chura wa vipele akimwagiwa chumvi mlangoni kwa sababu tu ni mbaya wa sura. Chumvi huyanyonya maji ya mwilini kupitia ngozi, na mnyama hufa akijinyonganyonga, polepole, huku watoto wanatazama. Mnyama mwenyewe alikuja kula kumbikumbi. Anayejua anachokitazama hana haja ya chumvi.

Vya kuwa navyo

Tochi, ya kichwani ikiwezekana ili mikono ibaki huru. Mabuti ya mpira, kwa ajili ya tope na zaidi kwa ajili ya nyoka, kwani wanaofuata vyura dimbwini usiku si sisi peke yetu. Simu yenye kamera. Rula ndogo au sarafu ya kuweka kando ya mnyama ili picha ioneshe ukubwa wake. Chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye mfuniko uliotobolewa matundu, nacho kilowanishwe kwa maji ya dimbwi lenyewe. Mikononi usipake kitu: losheni, sabuni isiyosuuzwa na dawa ya kufukuza mbu ni hatari kwa mnyama anayekunywa maji kwa ngozi ya tumboni badala ya mdomo. Kinachogusa ngozi yake kinaingia mwilini.

Usiende peke yako. Na penye mto au ziwa lenye mamba au viboko, usiende kabisa usiku. Mtaro wa barabarani na majaruba ya mpunga yana vyura wa kutosha.

Hatua ya kwanza: chagua saa na mahali

Usiku wa kwanza au wa pili baada ya mvua kubwa, kuanzia kama saa moja na nusu jioni hadi saa nne. Kwenye ukanda wa pwani na bara ya karibu, hiyo ni Oktoba hadi Desemba kwa vuli na Machi hadi Mei kwa masika. Kiangazi wengi wamejificha ardhini au chini ya magogo na hutapata wa kulinganisha.

Anza nyumbani. Chini ya taa, pembeni mwa simtanki linalovuja, karibu na jalala la maganda, hapo ndipo pa chura wa vipele, maana ngozi yake nzito humruhusu kutembea mbali na maji. Halafu nenda dimbwini, kwenye matete na nyasi zilizozama nusu. Huko ndiko vyura laini walikojaa. Mahali pekee hapatoshi kukupa jibu, kwa kuwa wakati wa kuzaana chura wa vipele naye huenda majini, lakini panakupa dhana ya kuanzia.

Hatua ya pili: zima tochi, usikilize

Dakika tano kamili, bila kusogea. Ukifika tu watanyamaza, kisha mmoja atathubutu, wa pili atamjibu, na dimbwi lote litafufuka. Wanaolia karibu wote ni madume yanayoita majike, na kila spishi ina wito wake.

Chura wa vipele anayejulikana sana Afrika Mashariki, Sclerophrys gutturalis, ana sauti nzito ya kukoroma, kama mzee aliyelala chali, inarudiwarudiwa bila kuchoka. Jina lake la kisayansi lenyewe linatokana na koo. Vyura wadogo wa matete, wa jenasi Hyperolius, hulia kwa sauti nyembamba ya kugonga, kama vijiko vinavyogongana na bilauri. Yupo pia Kassina senegalensis, mwenye mistari mgongoni, ambaye sauti yake ni kama kizibo kinachochomoka kwenye chupa. Huyo humsikia kila mtu, kumwona ni kazi: anaita kutoka chini ya kishungi cha nyasi, na ukikaribia anahama kwa kutembea.

Rekodi kwa simu. Sauti ya sekunde 20 inaweza kumpa mtaalamu jibu hata kama mnyama hukumwona.

Hatua ya tatu: tazama nyuma ya jicho

Ukibaki na hatua moja tu kichwani, iwe hii.

Mwangazie chura kutoka ubavuni, tochi iwe chini, mwanga ukimpitia mgongoni badala ya kumpiga usoni. Kwa mwanga wa aina hiyo kila uvimbe hutupa kivuli. Sasa tazama nyuma tu ya jicho, juu ya ile duara ndogo ya ngoma ya sikio. Kwa chura wa vipele utaona uvimbe mrefu ulionona, kama punje ya haragwe iliyolazwa chini ya ngozi, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo tezi ya parotoidi. Ukiitazama kwa karibu ina vitundu vidogo mithili ya ngozi ya chungwa. Ndani yake kuna ute mweupe kama maziwa, wenye sumu inayogusa mwenendo wa moyo wa mnyama anayemng'ata.

Chura laini hana uvimbe huo. Nyuma ya jicho lake ngozi ni tambarare, au ina mkunjo mwembamba tu unaopita juu ya ngoma ya sikio.

Nimewafundisha watoto wa darasa la nne alama hii kwa usiku mmoja, wakaishika kuliko vigezo vingine vyote. Vinundu vya mgongoni vinadanganya. Rangi inadanganya zaidi, kwa sababu chura mmoja anaweza kuwa wa kijivu mchana na wa kahawia usiku. Tezi ikiwepo, jozi, imenona, umepata Bufonidae. Isipoonekana, endelea na hatua zinazofuata kabla hujasema lolote.

Ukiwa hapo umeinama, mtazame kwa muda. Chini ya taa ya nyumbani kwetu hukaa jike mmoja wa Sclerophrys gutturalis, mkubwa wa kujaza kiganja. Ana mabaka meusi mawili puani na mawili nyuma ya macho, na ile nafasi nyeupe iliyobaki katikati yake imechora msalaba. Ndani ya mapaja ana wekundu hafifu. Kumbikumbi akianguka mbele yake, kwanza hageuki. Kisha anajizungusha taratibu, anainamisha kichwa, na kidole kirefu cha mguu wa nyuma kinaanza kutetemeka peke yake. Ulimi unatoka na kurudi kabla hujauona. Akimeza, macho yote mawili yanadidimia kichwani, kwani yakishuka yanasaidia kukisukuma chakula kooni. Mabawa manne yanabaki kwenye kona ya mdomo, naye anayafuta kwa mkono.

Hatua ya nne: ngozi

Ya chura wa vipele ni kavu kwa kuitazama, imekwaruza, vinundu vingine vina ncha ndogo za kahawia. Ya chura laini huwa na unyevu na mng'ao. Tofauti hii inatokana na maisha yao: aliye mbali na maji anahitaji ngozi isiyompotezea maji haraka.

Na hapa tuseme wazi kuhusu chunjua. Kumshika chura hakuleti chunjua mkononi. Chunjua za binadamu husababishwa na virusi vya binadamu, vinavyopita kutoka mtu hadi mtu. Vinundu vya chura ni tezi.

Hatua ya tano: miguu na mwendo

Msogelee kutoka nyuma hadi aondoke. Chura wa vipele ana miguu ya nyuma mifupi. Anaruka vihatua vya kiganja kimoja au viwili, anatulia, anaruka tena, au anatembea tu kwa miguu minne. Chura laini wa majanini ana mapaja marefu, akiruka umempoteza.

Mfano mzuri ni vyura wa jenasi Ptychadena, wale wenye pua kali na mikunjo mirefu iliyonyooka mgongoni kama matuta ya viazi. Wamejaa kwenye majaruba yetu. Mwaka 1977, katika mashindano ya kuruka ya vyura huko Afrika Kusini, mmoja wa spishi Ptychadena oxyrhynchus alipimwa mita 10.3 kwa miruko mitatu mfululizo. Chura wa vipele angeufikia umbali huo baada ya kupumzika mara kadhaa njiani.

Usitegemee mwendo peke yake. Kassina niliyemtaja ni chura laini na hutembea.

Hatua ya sita: vidole, mboni, mdomo

Kwa hatua hii ndipo chombo cha plastiki kinapofaa. Mwongoze mnyama aingie mwenyewe, funika, mtazame kwa chini, umwachie palepale ndani ya dakika chache.

Ncha za vidole zikiwa zimepanuka kuwa vitufe vya kunata, huyo karibu kila mara ni chura laini wa mitini au wa matete. Wa vipele ana vidole vifupi vya ncha butu, na miguu ya nyuma yenye utando kidogo tu, pamoja na vigumba viwili vya kisigino vya kuchimbia. Utando mpana uliofika hadi ncha za vidole ni wa muogeleaji. Ukiona kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya nyuma, macho yametazama juu na mwili unateleza kama kambare, huyo ni Xenopus, asiye na ulimi kabisa, ambaye wavuvi na wenye mabwawa ya samaki wanamjua vizuri. Kuanzia miaka ya 1930 hospitali za nchi nyingi zilimtumia kupima mimba: jike lilidungwa mkojo wa mwanamke, na likitaga mayai, jibu lilikuwa ndiyo.

Mboni za macho nazo zina habari. Za chura wa vipele zimelala kama mstari wa upeo wa bahari. Za vyura laini wengi pia zimelala, kwa hiyo mboni iliyolala haikuambii kitu. Lakini mboni iliyosimama, kama ya paka, ni ushahidi mzuri kwamba si Bufonidae. Utaiona kwa Kassina, na kwa vyura wakubwa wa mitini wa jenasi Leptopelis. Msitu wa Amani, kule Usambara Mashariki, ni mahali pazuri pa kuwaona hao wakiwa wamekaa majanini usiku.

Meno sikushauri uyatafute, maana kumfungua chura mdomo ni kumuumiza. Elewa tu kwamba Bufonidae hawana jino hata moja, ilhali vyura wengine wengi wana safu ya vimeno kwenye taya la juu.

Hatua ya saba: rudi asubuhi uangalie mayai

Kulipokucha, dimbwi linasema kilichotokea usiku. Kanuni ya jumla ni kwamba chura wa vipele hutaga mayai kwa nyuzi: mikanda mirefu ya ute angavu, mayai meusi yamepangwa ndani yake kama shanga, imezungushwa kwenye mashina ya nyasi. Ni maelfu kwa jike mmoja. Vyura laini hutaga kwa vishada, au yai mojamoja juu ya maji kama Ptychadena.

Inua macho pia. Bonge jeupe la povu linaloning'inia tawini juu ya dimbwi, ukubwa wa chungwa au zaidi, ni kiota cha chura wa povu, Chiromantis xerampelina. Madume kadhaa humsaidia jike mmoja kuupiga ute wake kwa miguu hadi unakuwa povu; nje linakauka, ndani linabaki na maji, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka dimbwini. Mzazi mwenyewe huwa umemwona bila kumjua: ni yule wa kijivu anayekaa juani mchana kutwa, amekunja miguu, karibu mweupe kwa joto, na mara nyingine anaingia bafuni.

Viluwiluwi vya chura wa vipele ni vidogo, vyeusi, na hutembea kwa makundi pembezoni penye maji ya kina kifupi na vuguvugu. Viluwiluwi vikubwa vya kijani au kahawia vilivyotawanyika na kujificha kwenye majani mara nyingi ni vya vyura laini. Usivichanganye kwenye ndoo moja kuvipeleka dimbwi jingine. Magonjwa husafiri hivyo.

Wanaokataa kanuni

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu Afrika Mashariki ina vyura wanaovunja karibu kila sheria niliyoandika juu.

Wa kwanza ni chura mwekundu, Schismaderma carens. Ni Bufonidae halali, mkubwa, lakini mgongo wake ni laini kama ngozi ya kiatu, na ile tezi ya nyuma ya jicho haionekani. Mahali pake kuna ukingo wa tezi unaoanzia juu ya ngoma ya sikio na kushuka ubavuni hadi pajani, kama mshono wa suruali. Ukiona mshono huo, na madoa meusi mawili sehemu ya chini ya mgongo, ni yeye.

Kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania yupo Mertensophryne micranotis, chura wa vipele asiyezidi kiungo cha kidole gumba. Dimbwi hana haja nalo: hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya tundu la mti, kifuu cha nazi, hata kombe la konokono. Viluwiluwi vyake vina taji la ngozi kichwani linalovisaidia kupumua kwenye maji machache yasiyo na hewa ya kutosha. Kifuu unachokipiga teke njiani huenda kina familia ndani.

Kisha kuna vyura wa jenasi Nectophrynoides wa milima ya Tao la Mashariki, ambao hawatagi kabisa. Majike huzaa watoto walio tayari vyura kamili. Maarufu kuliko wote ni chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, mwenye rangi ya dhahabu, jike lake halifiki sentimita tatu, na hana ngoma ya sikio inayoonekana. Aligunduliwa 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, akiishi kwenye majani yanayoloweshwa na rasharasha za maporomoko, eneo dogo la hekta chache ambalo lilikuwa dunia yake nzima. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa na rasharasha zikakauka. Ziliwekwa bomba za kunyunyizia maji, na mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walianguka ghafla. Kuvu ya ngozi inayoua vyura iligunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Wazao wa wale 499 walianza kurudishwa Tanzania mwaka 2010, kwanza kwenye vyumba maalumu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu korongoni kwenyewe. Umeme wa megawati 180 umewasha taa nyingi, zikiwemo labda hizi tunazowaonea vyura barazani, na ni haki yetu kujua ulilipiwa na nani.

Na yupo Churamiti maridadi. Hilo ndilo jina lake la kisayansi, jenasi na spishi, Kiswahili kitupu, lililochapishwa mwaka 2002. Anatoka kwenye msitu wa milima ya Ukaguru, mkoa wa Morogoro. Vidole vyake vimeumbwa kwa kupanda na rangi zake zimemstahilisha jina la pili. Ukimwona jani la juu ungesema bila kusita ni chura laini wa mitini. Ni Bufonidae.

Upande wa pili wapo vyura laini wanaojifanya wa vipele. Pyxicephalus, chura mnene wa madimbwi ya msimu, ana mgongo wa mikunjo na mwili wa tufe, na wengi humdhani wa vipele. Tazama nyuma ya jicho, hana tezi. Mikono yako iweke mbali, taya lake la chini lina vichomozo vya mfupa vilivyo kama meno na anauma kwelikweli. Breviceps, chura wa mvua wa kusini mwa Tanzania na nyanda za juu, ni mviringo kama puto lenye uso wa huzuni, anatembea, anachimba kwa miguu ya nyuma, na mikono ya dume ni mifupi mno hata hujigundisha kwa jike kwa ute kama gundi wakati wa kuzaana. Naye Phrynomantis bifasciatus, mweusi mwenye michirizi myekundu, ngozi kama mpira, hutembea bila haraka kwa sababu anajua sumu yake inamlinda. Huyo usimshike kabisa, hasa ukiwa na mkwaruzo mkononi, wala usimweke chombo kimoja na chura mwingine, kwani atamwua.

Kwa hiyo unapotoa uamuzi, taka alama tatu zinazokubaliana. Tezi, vidole na mwendo zikisema jambo moja, andika jina la familia bila wasiwasi. Zikipingana, andika "chura" na uambatanishe picha.

Ukimshika, au mbwa akimshika

Chura wa vipele hakurushii sumu na hana namna ya kuumiza kiganja kizima kisicho na jeraha. Lowanisha mikono kwanza, mshike kiunoni si miguuni, usimbane. Akikojoa ni maji tu. Baadaye nawa kwa sabuni kabla hujagusa macho au chakula. Watoto wafundishwe hivyohivyo, bila kutishwa.

Mbwa akimng'ata, utaona povu jingi mdomoni na kichwa anakitikisa. Osha mdomo wake kwa maji yanayotiririka, kichwa kikiwa kimeinama ili maji yasiende kooni, na futa fizi kwa kitambaa kibichi mara kadhaa. Wengi hupata nafuu. Akianza kuyumba, kutapika mfululizo au kukakamaa, daktari wa mifugo usiku huohuo.

Kumla chura wa vipele ni hatari, na mayai yake pia yana sumu. Kupika hakuiondoi. Nalisema hili kwa sababu zipo sehemu ambako vyura wengine huliwa, na anayeokota usiku kwa haraka anaweza kuchanganya. Sasa unajua pa kutazama.

Picha za kupeleka kwa wataalamu

Piga nne: juu, ubavuni ukilenga kati ya jicho na bega, tumbo kupitia kitako cha chombo, na mguu wa nyuma ulioonyesha vidole. Andika tarehe, saa, mahali, na alikuwa anafanya nini. Zipandishe kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, pamoja na ile sauti, ambako watu wenye uzoefu husaidia kumtaja. Ukihama dimbwi moja kwenda jingine, sugua tope la mabuti na uyaache yakauke kabisa juani, kwa sababu ya ile kuvu. Mnyama mwenyewe mwache hapohapo. Kumkusanya kunahitaji kibali.

Akiingia ndani

Funga mbwa. Chukua beleshi la taka na kipande cha boksi, mtelezeshe chura taratibu hadi apande, mpeleke kwenye majani mita kumi au zaidi kutoka mlangoni, umwinamishie ashuke mwenyewe. Kisha zima ile taa ya nje, au ihamishie mbali na mlango, kwa sababu kumbikumbi wakibaki pale yeye atarudi kesho, kwenye sehemu ileile, saa ileile.